Sauti Waliyoibadilisha

Katika chumba cha kutengenezea meno ya bandia, nyuma ya kliniki, kazi haikuanza kwa kuwasha mashine. Ilianza pale Redio alipofungua mdomo.

Redio ni jina alilobandikwa fundi wa kung'arisha, mwanamume mnene wa makamo, asiye na mke wala paka, ambaye kila jioni alikuwa na filamu yake na kila asubuhi alikuja kuihukumu. "Ya jana nimeipa mbili kati ya kumi," angesema huku akivaa aproni. "Jamaa kapigwa risasi kifuani, kadondoka kutoka ghorofani, halafu anainuka anaanza kutongoza. Sasa huyo ni binadamu au godoro?"

Bi Plasta, mama mtu mzima aliyekuwa akimimina plasta kwenye chapa za vinywa vya wagonjwa, alikuwa na swali lake moja tu. "Kuna harusi mwishoni?" Kama haipo, hakutaka kusikia zaidi.

Wa tatu chumbani ndiye huyu wetu, ambaye kuanzia kazini mpaka mtaani kwao aliitwa Mama Meno. Kazi yake ilikuwa kupanga meno kwenye nta, moja baada ya jingine, mpaka kinywa cha mtu asiyemjua kikae sawa. Hakuwa mwongeaji. Aliwasikiliza wenzake, akacheka panapochekesha, na mikono yake haikusimama.

Jumatatu hiyo Redio aliingia akiwa amenuna.

"Jana nimekosea rimoti," alisema. "Natafuta muvi ya vita, nimeangukia dokumentari ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Jamani, machozi matupu! Kuna mama mmoja wamemkalisha gizani, huoni sura, unaona mikono tu, na sauti wameibadilisha inatoka nzito kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Eti alimlea baba mkwe wake miaka mingi, na siku mzee alipokufa, yeye alifurahi. Anasema kabisa, alifurahi! Alikuwa anafua mashuka ya marehemu huku anaimba."

"Mungu wangu," Bi Plasta alisema. "Hadharani?"

"Kwenye runinga, Bi mkubwa."

"Huyo angekuwa mke wa mwanangu, ningemrudisha kwao na hayo mashuka yake."

Kisu cha nta kilimteleza Mama Meno kikamkwaruza kidole gumba. Aliinama kana kwamba anatafuta jino lililoanguka. Chini ya meza palikuwa na vumbi la plasta na viatu vya Bi Plasta, na yeye alikaa pale akivitazama mpaka pumzi ikamrudia.

Mwanamke wa gizani alikuwa yeye.

Alipoinuka alijitahidi sauti iwe ya kawaida. "Na nini kingine alisema, huyo mama?"

"Sijui bwana. Usingizi ulinipitia. Nimeamka wanasoma taarifa ya hali ya hewa. Nimeipa nne. Huyo mama anatafuta huruma tu."

Hapo ndipo hofu ilipoingia hasa, ikakaa. Kwa sababu la kufurahi lilikuwa baya, lakini halikuwa ndilo baya zaidi alilolisema mbele ya ile kamera.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe alipofariki, baba mkwe, aliyekuwa mpeleka barua mpaka alipostaafu, aliletwa kuishi na mwanawe. Akili ilikuwa imeshaanza kumtoka. Mwanzo alisahau majina, baadaye akasahau choo, na mwisho akasahau kuwa amestaafu. Kila kulipokucha alitaka kwenda kazini. Siku moja alitoka akiwa na nguo za kulalia, akaokotwa katikati ya barabara kuu akiwauliza madereva anwani. Waliajiri msaidizi, akaondoka. Wakaajiri mwingine, naye mzee akamng'ata. Mume wa Mama Meno alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kuamka kabla ya jua kwenda kuning'inia kwenye maghorofa ya watu. Mtoto wao wa pekee alikuwa shule ya bweni. Wifi yake, dada mkubwa wa mume, aliishi ng'ambo ya pili ya jiji, na kila siku alipiga simu kuuliza, "Baba amekula?"

Mama Meno alimlisha, alimwogesha, alimbadilisha. Na kwa muda wa karibu mwaka mmoja, kila alipokwenda kazini, alimfungia mzee chumbani kwake kwa ufunguo. Mchana alirudi mbio kumpa chakula, akamfungia tena. Hakumwambia mtu. Siku mumewe alipoona mikwaruzo upande wa ndani wa mlango, alimjibu kwamba ni kabati, walipokuwa wakilisogeza. Mzee mwenyewe alifia hospitalini, kwa homa ya mapafu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe. Hakuna aliyekuwa na la kuuliza.

Baadaye, kwenye kikundi cha familia zenye wagonjwa kama huyo, Mama Meno alikutana na binti mmoja mrefu mwenye miwani aliyekuwa akitengeneza filamu. Binti alimuuliza, "Na wewe, mama, ulikuwa unajisikiaje?" Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alikubali kuongea kwa masharti kwamba akae gizani na sauti ibadilishwe. Alidhani itaonyeshwa kwenye semina za madaktari. Akakaa pale, akaanza kusema, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka: mashuka, wimbo, mlango, ufunguo, yote.

Mchana huo alimpigia yule binti. Simu haikupatikana. Akamwandikia ujumbe, kwa haraka hata akakosea herufi. Jibu lilikuja wakati anatoka kazini: *Nisamehe mama yangu, nilikutafuta kwa laini yako ile ya zamani kukuarifu. Usiogope. Niliondoa yote uliyoniomba niondoe.*

Alisimama nje ya lango la kliniki akisoma na kurudia kusoma. Yote uliyoniomba. Aliomba nini? Alikumbuka kuomba waondoe jina la mtaa. Alikumbuka kuomba wasitaje kwamba mzee alikuwa mpeleka barua. Na mlango? Je, aliomba mlango uondolewe? Siku ile alikuwa analia, binti naye alikuwa analia, mtu wa kamera alikuwa anapenga kamasi. Hakukumbuka. Akaandika: *Na ule mlango je?* Ujumbe ukabaki na alama moja, haujafika. Aliutazama ndani ya basi, aliutazama akiwa anakata vitunguu, aliutazama chooni. Alama ilibaki moja.

Filamu yenyewe haikuwa kwenye mtandao. Kilichokuwepo ni kipande kifupi cha kuitangaza, na ndani yake ilionekana mikono miwili kwenye mwanga wa taa, ikifinyangafinyanga kitu kidogo, na ile sauti ya ndani ya pipa ikisema, "Hakuna aliyeniuliza." Basi.

Jioni hiyo mumewe alirudi akinuka grisi, akaoga, akakaa mezani. Simu yake ikalia.

"Ni dada," alisema, akisoma. "Anasema kuna filamu ya ugonjwa wa baba, rafiki zake wote wanaizungumzia. Itarudiwa Jumamosi mchana. Anataka aje tuitazame hapa pamoja, eti kwa kumkumbuka mzee. Na runinga yetu ni kubwa."

Mama Meno aliweka kijiko chini. "Filamu za hivyo wewe huzipendi."

"Sizipendi." Kwa kweli mumewe alikuwa mtu wa dokumentari za madaraja, mahandaki na mitambo. Angalau daraja halilii, alizoea kusema. Tangu baba yake afariki, kikitokea kipindi cha hospitali alikuwa wa kwanza kubadilisha. "Lakini dada akishaamua, wewe unamjua. Utamzuia kwa kipi?"

"Jumamosi nilitaka tumtembelee yule mgonjwa wa jirani."

"Twende asubuhi."

"Na runinga ile ina mistari."

"Mistari gani?" Akainuka, akaiwasha, akaikagua nyuma na mbele, akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Picha ilikuwa safi kama maji. "Mistari iko machoni mwako, Mama Meno," alisema akicheka. "Unapanga meno mno. Pumzika."

Wiki hiyo hakupumzika. Chakula kilimshinda, usingizi ulimkataa. Alianza kuogopa vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote: mlio wa simu, kicheko cha watu kituoni, mtu kumwangalia mikono. Katika duka la chini ya nyumba yao, muuzaji na mteja walikuwa wakibishana, mmoja akasema ile filamu ni ya kutungwa, hakuna mwanamke anayeweza kusema vile, na mwingine akasema wapo, tena wengi, wanajificha tu. Yeye alikuwa amefuata chumvi. Alitoka bila chumvi.

Akiwa peke yake nyumbani alisimama mbele ya ule mlango, upande wa ndani. Chumba sasa kilikuwa cha kuwekea pasi, mabegi na baiskeli ya mtoto. Mumewe alikuwa ameupaka mlango rangi ya maziwa baada ya mazishi. Lakini ukiinamisha kichwa, mwanga wa dirishani ulionyesha mifereji midogo chini ya rangi, karibu na kitasa. Aliigusa kwa kidole. Akaenda kunawa mikono, akajishangaa kwa nini ananawa.

Alhamisi, Bi Plasta alipotoka kwenda kuchota maji, Redio alivuta kiti chake karibu na meza ya Mama Meno. Haikuwa kawaida yake kuongea chini.

"Nimekiona tena kile kipande cha tangazo," alisema. "Yule mama ana kitu kwenye vidole. Anakifinyanga hivi, kwa gumba, halafu anakichonga ncha kwa ukucha. Kama nta."

Mama Meno aliendelea kupasha kisu kwenye taa ya spiriti. "Watu wengi wana vidole," alisema.

"Kweli. Watu wengi sana." Redio aliangalia mlangoni. "Mimi nina mdomo, najua. Lakini ya muvi ni ya muvi. Nilisema anatafuta huruma. Nilisema kabla sijaitazama vizuri. Basi."

Bi Plasta akarudi na ndoo. "Mnanong'ona nini?"

"Muvi ya vita, Bi mkubwa. Harusi haina."

"Basi endeleeni wenyewe."

Mama Meno alitaka kumshukuru, ila kushukuru kungekuwa kukiri. Alibaki na kisu cha moto mkononi. Alichokielewa siku hiyo hakikumtuliza hata kidogo. Kama Redio ameijua mikono yake kwa kuiona kazini, mume aliyelala nayo miaka yote hii ataijua kwa muda gani?

Jumamosi wifi alifika mapema. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, muuza vipuri vya magari, aliyezoea kubishana na mafundi gereji. Alikuja na mfuko wa bisi na kitambaa cha kufutia machozi, amejiandaa kabisa. "Wifi yangu, umekonda!" alisema akimkumbatia. "Au kaka yangu hakulishi?" Akavua viatu, akakaa katikati ya kochi, akapigapiga nafasi iliyo kando yake. "Njoo ukae hapa. Wewe ndiye uliyemlea baba. Hii filamu ni yako kuliko yetu."

Mama Meno akakaa. Ujumbe wake kwa binti ulikuwa bado na alama moja.

Filamu ikaanza. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeimba nyimbo za shule, na mke wake aliyempaka mafuta miguuni. Kulikuwa na daktari aliyeeleza ubongo kwa kutumia sifongo. Wifi alitoa maoni kwa kila kitu. Huyu mzee kama baba, tazama anavyoshika kikombe. Huyu daktari anaringa. Huyu mke ndiye mke, jamani, mwone. Alilia kidogo, akala bisi, akalia tena. Mume alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono amefumbata, kimya kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Halafu skrini ikawa nyeusi, na mikono miwili ikatokea kwenye mwanga.

Mama Meno alijikuta ameificha yake chini ya mapaja.

"*Siku aliyokufa nilifurahi,*" ilisema ile sauti nzito. "*Sikumchukia. Nilikuwa nimechoka mpaka ndani ya mifupa. Nilifua mashuka yake nikasikia mtu anaimba, kumbe ni mimi.*"

"Eeh!" Wifi alizirudisha bisi kwenye mfuko wake. "Ndiye huyu! Ndiye huyu wanayemsema! Hebu msikie. Shetani mkubwa. Angekuwa mbele yangu hapa ningemtafuna. Wifi, wewe ulimwosha baba kwa mikono yako, ulifurahi? Eti, ulifurahi?"

Mama Meno akatikisa kichwa, na hakujua mwenyewe kama amekataa au amekubali. Wifi hakumtazama, alikuwa amekazia macho skrini.

"*Kuna kitu kingine,*" sauti ikasema.

Hapo alijua. Binti hakukiondoa. Hakukiondoa kwa sababu yeye hakumwomba.

"*Nilikuwa namfungia. Nikienda kazini nafunga mlango kwa ufunguo. Ningefanyaje? Alikuwa anatoka, magari yangemgonga. Nikirudi nakuta amekwaruza mlango kwa kucha. Vidole vina damu. Namwosha, namfunga kitambaa, anaponiangalia anasema, asante dada. Hajui kwamba ni mimi niliyemfungia. Kesho yake nafunga tena.*"

Mume aliinuka. Alipita nyuma ya kochi, akaingia ukumbini, na hatua zake zikaishia pale Mama Meno alipojua zitaishia.

"Unakwenda wapi? Utapitwa!" Wifi alimpigia kelele. Kisha akageuka. "Kucha! Umesikia? Mzee wa watu kama kuku kwenye tenga! Huyu mwanamke wangemtoa hapo gizani watu wamwone. Wamfunge yeye. Mbona unalia, wifi? Najua, inauma. Inauma sana."

Akamshika bega. Mkono ule ulikuwa wa joto, mzito, wa dada kabisa, na Mama Meno aliona hawezi kuendelea kuufaidi hata kidogo. Alichukua rimoti, akazima.

"Ni mimi, wifi."

"Wewe nini?"

"Huyo mwanamke. Ni mimi. Sauti wameibadilisha."

Wifi alicheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyesikia mzaha usio na mahali pake. Akamtazama usoni. Kisha akashusha macho mpaka kwenye mikono, ambayo sasa ilikuwa imelala wazi juu ya magoti. Alitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulibadilika polepole, kama kioo kinachoingia ukungu.

"Nilikuwa napiga simu kila siku," alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imetoweka. "Nakuuliza baba amekula. Unaniambia amekula."

"Alikuwa amekula."

"Unaniambia amekula!" Akasimama. Alitafuta viatu vyake, akavaa kimoja, akashindwa na kingine, akakibeba mkononi. Mlangoni aligeuka kana kwamba atasema kitu, akamwona kaka yake amesimama ukumbini, akataka yeye ndiye aseme. Naye akaingia kwenye kile chumba. Akaondoka hivyo, kiatu mkononi, na wakamsikia akishuka ngazi mguu mmoja ukilia kwa kisigino na mwingine ukiwa kimya.

Mama Meno alikaa alipo. Bisi zilikuwa zimemwagika kwenye zulia. Alianza kuziokota moja moja, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya, mpaka aliposikia mumewe anamwita.

Alikuwa amesimama kwenye chumba cha pasi na mabegi, upande wa ndani, kiganja chake kikiwa kwenye rangi ya maziwa.

"Uliniambia ni kabati," alisema.

"Ndiyo."

"Niliamini." Akapitisha kiganja juu ya ile mifereji. "Siyo kweli. Sikuamini. Kabati halina kucha. Mimi ni fundi, naangalia vyuma na mbao maisha yangu yote, nitashindwa kujua alama ya kucha? Nilijua siku ileile. Na alipozikwa nikaenda zangu kununua rangi."

Mama Meno akaegemea baiskeli ya mtoto. Miaka hii yote alikuwa ameibeba siri ile kama jiwe la moto, anaihamisha mkono huu mkono ule, na kumbe mwenzake alikuwa amekaa naye meza moja akiijua.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniuliza tufanye nini. Ningeacha kazi? Tungekula nini? Nilikuwa natoka asubuhi namwacha na wewe, narudi amelala, safi, amekula. Nilitaka iendelee hivyo. Sikutaka kujua inaendeleaje." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Lakini umekwenda kuwaambia watu usiowajua. Mimi nipo hapa hapa."

"Wao waliniuliza, baba watoto."

Hilo lilimwingia. Aliondoa kiganja mlangoni. Hakumkumbatia, na yeye hakutarajia. Alipita kando yake kwa uangalifu, kama mtu anayepita penye kitu kinachoweza kuvunjika, akaenda kukaa barazani. Baadaye alirudi akala. Walilala kitanda kimoja, kila mtu na ukingo wake.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zile za kusubiri, ingawa si kwa namna aliyoitegemea. Hakuna aliyempigia kelele. Mumewe aliongea naye mambo ya umeme, ya maji, ya ada ya shule. Mara mojamoja, bila kutangulizwa na chochote, aliuliza swali. Alikuwa anakung'ata na wewe? Usiku ule mvua ilipovuja, ulimhamishia wapi? Mama Meno alijibu kila moja kama lilivyokuwa. Akishajibiwa, mume alitikisa kichwa na kurudi kwenye gazeti lake.

Wifi hakupiga simu. Yule mtu wa kila siku, asiyekosa hata siku ya mafua, alinyamaza kabisa. Kila simu ilipolia Mama Meno alishtuka, na ilipokuwa si yeye, alishtuka upya.

Binti wa filamu alipatikana hatimaye. Alikuwa safarini, nchi ya mbali, simu haina mtandao. Akasema anaweza kukata ile sehemu kabla haijarudiwa tena. Mama Meno alifikiri, akamwambia, "Iache. Waliokuwa hawatakiwi kuiona wameshaiona."

Kazini Redio aliendelea kugawa alama zake. Akaeleza muvi ya watu waliokwama kwenye nyambizi, Bi Plasta akauliza kama kuna harusi, na siku hiyo ilikuwepo, hukohuko chini ya maji, nahodha ndiye aliyewafungisha. Bi Plasta alifurahi mpaka plasta ikamgandia kwenye bakuli. Mama Meno naye akacheka, cheko la kweli, na katikati ya kucheka simu yake ikatetemeka mfukoni.

Ilikuwa wifi.

Alitoka nje, nyuma ya jengo, kwenye mapipa ya taka za kliniki. Alipokea bila kujua asalimie vipi. Upande wa pili hakukuwa na salamu. Kulikuwa na kelele za gereji, vyuma vikigongwa, halafu mlango ukafungwa na kelele zikapungua.

"Alikuwa anasema nini?" wifi aliuliza.

"Nani?"

"Baba. Pale mlangoni. Ukifunga, alikuwa anasema nini?"

Mama Meno alifumba macho. Hili hakuwahi kumwambia hata yule binti.

"Mwanzoni alikuwa anagonga," alisema. "Taratibu, kwa adabu, kama mtu anayepeleka barua. Anasema, hodi, kuna mtu? Halafu anasema atachelewa. Mfuko umejaa, watu wanasubiri. Mimi nimesimama upande wa pili nimeshika ufunguo, namwambia, leo ni sikukuu, baba, posta imefungwa."

"Anakubali?"

"Siku nyingine anakubali. Anasema, basi vizuri, nitapumzika. Namsikia anarudi kitandani."

Ikasikika sauti ya kuvuta kamasi, karibu sana na simu.

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine hakubali, wifi."

"Sijakusamehe," wifi alisema.

"Najua."

"Usifikiri nimepiga kukusamehe. Naota mlango. Kila nikilala naota mlango, na mimi ndiye niliye ndani, nawasikia mnakula." Mama Meno akabana simu sikioni. Aliogopa akisema neno moja la ziada simu itakatika. "Niambie siku nyingine," wifi alisema. "Siyo za kugonga tu. Niambie zote."

"Ni ndefu."

"Nimefunga duka."

Mama Meno aligeuza kreti tupu lililokuwa kando ya mapipa, akalipangusa kwa aproni, akakaa. Akaanzia siku mzee alipofika kwao, akiwa na begi moja na saa yake ya mkononi, akiwasalimia wote mpaka friji.

"Friji?" wifi aliuliza.

"Friji, wifi. Alivua kofia kabisa."